Mchoraji wa Hispania Aliyeishi Iringa

Mwezi uliopita Sikitu alinipigia simu kutoka Igawa, akaniambia baba yake amefariki. Alilia kidogo, nami nikalia kidogo, kisha akaingia kwenye ombi lake: "Shangazi, tunaomba utuandikie wasifu wa marehemu. Si wewe ndiye uliyewahi kumwandika baba?" Nikamwambia macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Ulikuwa uongo mtupu. Miwani yangu ni mipya, hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa nayasoma. Nilipanda basi la asubuhi kutoka Mbeya, nikafika, nikakaa chini ya turubai pamoja na akina mama, nikamsikiliza mpwa wa marehemu akisoma: Fundi Lusungu alizaliwa, alijifunza kuandika mabango, alioa, alihamia Igawa, aliugua sukari, ameacha watoto watano na wajukuu. Dakika nne hazikufika. Watu wakaitikia amina. Mimi nilibaki nimenuna, na ilinichukua safari nzima ya kurudi kutambua kwamba niliyemnunia ni mimi mwenyewe.

Mambo ya kwetu Rungwe, migomba ya baba na ugomvi wa shangazi zangu, nayaruka. Ninaotaka kuueleza ni mwaka mmoja, sabini na nne, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kazi ya kupiga taipureta kwenye gazeti la parokia moja pale Iringa. Ndio mwaka ambao nusura nimfungishe mtu kwa kumsifia.

Nilipanga chumba kwa Fundi Lusungu, mwisho wa mji, njia ya kwenda Kalenga. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu kwa mstari: cha kwao, changu, na cha kazi, na kati ya changu na cha kazi palikuwa na ukuta wa mabanzi uliosilibwa udongo upande mmoja tu. Kwa hiyo harufu yote ya rangi na mafuta ya taa ilikuwa yangu, na maneno yote pia. Fundi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kuvaa koti la mvua hata kiangazi. Aliandika mabango ya vinyozi na mahoteli, alichora ng'ombe kwenye mabucha, na alichonga mihuri ya shule na maduka ya ushirika. Mihuri aliichonga kwa wembe kutoka kwenye soli za viatu vya raba. Akimaliza, aliipaka wino wa zambarau, lakini hakuijaribu kwenye karatasi. Aliijaribu kwenye mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Nilimuuliza sababu. "Karatasi inasamehe," akasema, "ngozi haisamehe. Herufi ikiwa na kovu, hapa utaiona." Mkono ule haukuwahi kutakata. Daima ulikuwa na nusu ya neno, robo ya duara, wino wa jana chini ya wino wa leo. Mimi niliyetoka kwenye familia ya watu wa kahawa na ibada ya alfajiri ya Kimoravian niliona sijawahi kukutana na kitu kizuri namna ile.

Tulikula pamoja kwenye chumba cha kazi kwa sababu ndicho kilichokuwa na joto. Mama Sikitu alipika ugali mgumu na majani ya maboga yaliyotiwa karanga, na Jumamosi maharage makubwa yaliyolala jikoni tangu asubuhi. Sikitu, wa miaka minne, alikula akiwa amekalia debe la rangi. "Kula, Sekela," Mama Sikitu alinichokoza kila siku, "najua nyie Wanyakyusa bila ndizi hamjashiba, lakini hapa ndizi tunachora tu." Fundi alicheka kwa mabega, bila sauti. Chakula kilikuwa kidogo mwaka ule, mvua zilikuwa mbaya, na ndio mwaka watu walipohamishiwa vijijini. Waliohamia njia yetu walikuwa wameacha mashamba yenye maharage na mahindi ambayo hayajavunwa. Kurudi kwenye mahame yako kuvuna ulihitaji barua ya ruhusa yenye muhuri wa kijiji, na barua zilikuwa ngumu kupatikana. Mchana, nikiwa chumbani kwangu nikisubiri chakula, nilisikia watu ng'ambo ya ukuta wakiongea polepole na Fundi. "Kamwene, Fundi." "Kamwene." Kisha sauti ya mwanamke: "Maharage yangu yanapasuka, Fundi. Wiki hii tu." Kisha kimya, kisha wembe ukikwaruza. Nikikohoa, walinyamaza. Nilidhani wanaongelea maharage.

Mhariri wetu alikuwa Padre Anselmi, Mhispania mnene mwenye kupenda pilipili. Dada yake alimtumia vifurushi kutoka kwao: sabuni, soksi, na riwaya mpya zilizofungwa kwenye gazeti. Alizisoma mezani wakati wa chakula, akizigombeza kana kwamba mwandishi ameketi mbele yake. "Sekela, angalia," aliniambia siku moja, akipanga vitabu vinne kando ya bakuli la mchuzi. "Vyote hivi vina mchoraji. Huyu anakuwa kipofu. Huyu anamchora mke wake mpaka mke anakufa. Huyu anaiga picha za mabwana wakubwa na kuziuza. Huyu wa nne ana wazimu, basi. Waandishi wetu wakitaka kusema juu ya dhambi zao wenyewe, wanamtwisha mchoraji." Nikauliza kama wachoraji wa kwao hawako hivyo. Akaweka kijiko chini. "Baba yangu alipaka rangi sanamu za makanisa miaka arobaini. Alirudi nyumbani, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akala dengu. Katika vitabu vyote hivi nitafutie mchoraji mmoja anayekula dengu." Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa amekasirika kweli.

Kati ya vile vitabu kimoja alikipenda hata hivyo. Kilimhusu mchoraji aitwaye Mateo, katika mji mmoja baada ya vita vya kwao, ambaye kwa njaa na kwa huruma alianza kuwachorea watu hati bandia wapate kutoroka. Padre akaona tukitoe kwenye gazeti kwa mafungu: yeye atakisoma na kukifasiri kwa mdomo, mimi nitapiga taipureta moja kwa moja kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapishia. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, kilichonyooka mno, hivyo akaniruhusu nirekebishe. Nami nilirekebisha. Mwandishi wa Hispania alieleza mawazo ya Mateo kurasa tatu lakini hakusema chumba chake kinanuka nini, wala anakalia nini, wala anakula nini. Nilikuwa nimeingia kwenye chumba kimoja tu cha mchoraji maishani mwangu. Nikampa Mateo koti la mvua. Nikampa debe la rangi la kukalia mtoto. Nikampa ugali, nikampa kicheko cha mabega. Nikampa wembe na soli ya raba, na katika toleo la tatu nikampa mkono wa kushoto wenye wino wa zambarau chini ya kiwiko. Padre aliposoma fungu lile kabla halijachapwa aliuliza, "Hili la mkono limetoka wapi?" Nikasema nimeongeza kidogo. Akatabasamu. "Zuri. Sasa huyu ni mtu." Sijui kama nimewahi kusifiwa tena nikafurahi kama siku ile.

Kosa jingine lilikuwa la kazi, la kijinga kabisa. Matoleo mawili ya kwanza nilikuwa nimeandika juu: Hadithi kutoka Hispania. Toleo la tatu nilibanwa na nafasi kwa sababu ya matangazo ya ndoa, nikauondoa mstari ule. Na gazeti letu halikuwahi kuwa na hadithi. Lilikuwa na waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki, na michango ya bati la kanisa. Lililoandikwa mle lilikuwa limetokea. Jumapili baada ya misa watu walisimama makundi makundi nje, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakisikiliza, ndivyo gazeti moja lilivyotosha familia kumi. Nilisimama nyuma ya kundi moja, nikisikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wa katekista, moyo ukinienda mbio kwa raha. Alipofika kwenye mkono wenye wino, mwanamke mmoja akasema, "Eh! Huyu si Fundi Lusungu?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Kumbe jina la ubatizo ni Mateo." Wakacheka zaidi. Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa katibu wa tawi la chama mtaani kwetu, ambaye hakuwa mtu wa kanisani lakini siku ile alikuwa amemsindikiza mkewe. Aliliomba gazeti, akalisoma kimya kutoka mwanzo mpaka mwisho, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni.

Jumanne alikuja nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Alikuja peke yake, kwa heshima zote, akakataa kiti akakaa kwenye benchi la wateja. Mama Sikitu akamkaribisha ugali. Akala matonge mawili, akamsifia mboga. "Ndugu Fundi," akasema, "tawi linahitaji muhuri mpya. Ule wa zamani umefutika. Nimesikia wewe ni hodari." Fundi akasema anaweza, wiki moja. "Nimesikia pia unaijaribu mwilini," akasema katibu, akitabasamu. "Hebu nione, ndugu yangu. Nimependa sana habari hiyo." Ilikuwa baridi na Fundi alikuwa amevaa koti lake. Alinawa mikono taratibu, akajifuta, akamwangalia mkewe. Mama Sikitu alikuwa ameshika mwiko na hakuushusha. Kisha Fundi akakunja mkono wa koti. Katibu aliinamia mkono ule muda mrefu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sinia, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima niliyasoma maneno yale badala ya kuyapenda. Yalikuwa na neno KIJIJI, mara tatu, na baada ya kila moja mwanzo wa jina tofauti. Hapo nikaelewa maharage, na barua za ruhusa. Nikalirudisha tonge langu kwenye sinia.

Walimfungia kwenye stoo ya tawi, pamoja na majembe na magunia ya mbolea, wakisubiri gari la kumpeleka mbele. Katibu hakuwa mtu katili. Namwandika hivi kwa sababu nimeshajifunza mtu akiandikwa vibaya inavyokuwa. Alikuwa na vijiji vitatu vinavyomlaumu kwa barua ambazo hakuzitoa yeye, na alitaka kuonyesha aliyezitoa. Upekuzi haukumpa kitu. Fundi alikuwa akiichanja mihuri ile vipande na kuitia motoni kila ikimaliza kazi. Kilichokuwepo ni wino wa ngozini, ambao ungeweza kubishaniwa, na gazeti, ambalo lilisema waziwazi mchoraji anachonga mihuri ya uongo. "Aliyeandika anaishi naye," katibu aliwaambia watu. "Shahidi gani mwingine mnataka?" Mama Sikitu hakunisemesha siku mbili. Aliniwekea chakula mlangoni kwangu kwenye kibakuli, akagonga, akaondoka. Siku ya pili yule mwanamke wa maharage alifika uani, akaniona mimi, akageuka akarudi alikotoka. Mpaka leo nikifikiria maharage yale yakipasuka kwenye mahame, naumia kuliko ninavyoumia kwa mengi makubwa.

Siku ya tatu nilimwambia Padre Anselmi kila kitu. Akavua aproni yake ya kuchapia, akachukua kitabu cha Mateo, akaniambia tuondoke. Ofisini kwa katibu tulikuwa watu watano: katibu, mjumbe wa nyumba kumi, Fundi aliyetolewa stoo akiwa na vumbi la mbolea kwenye nywele, Padre, na mimi. Padre akaeleza kwamba hii ni hadithi ya kwao, imeandikwa na Mhispania ambaye hajui hata Iringa iko wapi, na kosa la kuondoa kichwa ni la gazeti. Katibu akakichukua kitabu, akakigeuza, akaangalia picha ya jalada. "Nakubali, Padre, kitabu kipo. Lakini nionyeshe hapa palipoandikwa mkono. Kwamba anajaribu muhuri mkononi. Kama Mhispania ameandika mkono, basi, nimekosea na nitamwomba radhi Fundi. Kama hakuandika, basi aliyeandika ameona." Akamrudishia kitabu. Nilijua hakuna mkono mle. Padre alijua. Fundi, nilipomtazama, alikuwa anaangalia miguu yake.

Padre alikifungua kitabu katikati, akaweka kidole, akaanza kusoma Kihispania kwa sauti ya altareni. Alisoma ukurasa mzima. Nilikuwa nimejifunza maneno yao kama kumi na mawili, yote ya mezani, na katika ukurasa ule nilisikia mkate, nikasikia mafuta, nikasikia tena mkate. Alikuwa anasoma habari ya watu wanaokula. Jasho lilimtoka kwenye kidevu. Kisha akafasiri, neno kwa neno, akiwa ametazama karatasi: "Mateo akakunja mkono wa koti lake. Akaukandamiza muhuri juu ya ngozi, chini ya kiwiko, kwa maana karatasi inasamehe na ngozi haisamehe." Maneno hayo ya mwisho nilikuwa nimeyaandika mimi, kutoka kinywani mwa Fundi. Mjumbe wa nyumba kumi akasema, "Basi ndugu zangu, mafundi ni wale wale dunia nzima." Katibu akamtazama Padre mpaka nikadhani atacheka, kisha akamwambia Fundi aende nyumbani, na asichonge muhuri wowote tena bila barua ya tawi. Hakuomba radhi. Nadhani alijua, akachagua kuchoka.

Njiani Padre alitembea mbele. Alipofika geti la parokia akageuka. "Mimi jioni hii nitakwenda kuungama kwa Padre mwenzangu," akasema. "Na wewe Mmoravian, utaungama kwa nani?" Hakuwa ananitania. Hadithi ya Mateo haikuendelea. Toleo lililofuata lilikuwa na matangazo ya ndoa na bati, na walioniuliza mwisho wake niliwaambia kitabu kimepotea.

Nilirudi nyumbani. Fundi alikuwa ameoga, amekaa chumba cha kazi, anakula. Nilisimama mlangoni na kumwambia yote bila kupumzika: kwamba kitabuni hakuna mkono, kwamba Padre amedanganya, kwamba niliuandika mimi kwa sababu niliupenda. Mama Sikitu akasema, "Mwache ale." Fundi akamaliza tonge lake, akanawa. "Nisomee," akasema. Nikadhani sikusikia vizuri. "Nisomee ulichoandika. Nimefungwa kwa ajili yake, na sijakisikia." Nikaleta matoleo yote matatu, nikasoma nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka, chumba kile kile kilichomo kwenye karatasi kikiwa kimenizunguka. Nilisoma koti, nikasoma debe, nikasoma kicheko cha mabega. Hakucheka. Nilipomaliza alikuwa amefumba macho.

"Ni mimi," akasema. "Sikujua kuna mtu ananiangalia hivyo. Mama Sikitu, umesikia? Ni mimi kabisa." Kisha akafumbua macho. "Mahali pamoja umekosea. Huyu wako anaisoma kila barua kabla hajaipiga muhuri. Analia kidogo, anapiga." Nikasema ndiyo, hilo lilikuwa la kitabuni. "Mimi sijui kusoma, Sekela."

Mama Sikitu aliyekuwa anakusanya vyombo alisimama. Niliona kwamba yeye alijua, na kwamba hakuwahi kumsikia akilitamka. Fundi aliongea akiangalia mikono yake. Herufi alifundishwa kuzichora na bwana mmoja wa mabango, kama mtu anavyofundishwa kuchora ng'ombe, na miaka kumi na sita alikuwa akiukwepa ukurasa wa gazeti, barua za ndugu, darasa la watu wazima. Zile barua alizozipiga muhuri hakujua hata moja inasema nini. Aliwajua walioleta tu, nyuso zao. "Siku tatu pale stoo," akasema, "ningesema neno hilo moja, sijui kusoma, wangecheka wakaniachia siku ile ile. Nani atamshitaki asiyejua kusoma kwa kosa la barua? Lilinifika hapa." Akagusa koo. "Nikaona bora gari lije."

Nilitaka kusema nitamfundisha. Nilitaka kusema samahani. Nililia tu, na Sikitu akashuka kwenye debe lake akaja kunitazama usoni kwa karibu. Fundi akaniacha nilie. Kisha akasema, bila ukali, "Mwisho wa mwezi utafute chumba kingine. Si kwa hasira. Siwezi kula nikiwa naangaliwa." Akakunja magazeti yangu matatu, akanirudishia. "Na hili nililokuambia leo, usiliandike. Hilo la mkono limekwisha, limesamehewa. Hili usiliandike, hata nikifa."

Nikamwambia sitaliandika. Nilikuwa nimempigia magoti, machozi yananitoka, na nilimaanisha kila neno. Na wakati ule ule, mdomo ukiahidi, kichwani nilikuwa nimeshaanza kutafuta sentensi ya kwanza.